Kichocheo si kuni: kinachotokea juu ya uso wa metali

Kila baada ya miezi michache huzunguka kwenye simu video ya gari "linalotembea kwa maji". Mtu anafungua boneti, anaonyesha chupa ya maji yenye nyaya mbili na mapovu, kisha anataja neno ambalo humaliza mjadala: kichocheo. Kuna kichocheo maalumu, anasema, ndicho kinachotoa nishati kwenye maji. Huku redioni zinasikika habari za hidrojeni ya kijani, ile inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua au upepo, na gereji ya jirani kuna mtu anauliza bei ya masega ya gari, lile kopo la kusafishia moshi kwenye ekzosi. Mambo haya matatu yana kiini kimoja, na kiini hicho kinaeleweka bila hesabu nzito. Utata unaanzia kwenye neno lenyewe.

Kwa Kiswahili, kuchochea moto ni kusukuma kuni ndani ya mafiga. Anayesikia "kichocheo" hufikiria kitu kinachoongeza moto, na hapo ndipo anapopotea. Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Mmenyuko ni tukio la vitu kubadilika kuwa vitu vingine: mkaa na oksijeni kuwa kaboni dayoksaidi na majivu kidogo, au hidrojeni na oksijeni kuwa maji. Kichocheo hakiingizi nishati yoyote katika tukio hilo. Kinafungua njia tu.

Jaribio la jikoni linaonyesha hili vizuri kuliko maelezo. Nunua duka la dawa chupa ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Kwenye lebo mara nyingi huandikwa pia "vol 10". Ukipata ya vol 20, ichanganye na maji kwa kiasi sawa. Chukua glasi nne ndefu, na katika kila moja mimina mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Glasi ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili tia kipande cha kiazi mviringo kibichi, ukubwa wa dadu. Ya tatu tia kipande cha ukubwa ule ule, lakini kilichokwaruzwa kwenye kikwaruzo cha karoti. Ya nne tia kipande kilichochemshwa dakika 10 kikapoa.

Glasi ya kwanza itatulia. Peroksaidi huvunjika yenyewe kuwa maji na oksijeni, ila polepole mno, ndiyo maana chupa iliyosahaulika kabatini hupoteza nguvu. Katika glasi ya pili, mapovu yatatoka kwenye nyuso za kiazi zilizokatwa, hayatatoka katikati ya maji. Glasi ya tatu itafura povu mara moja na kupata uvuguvugu mkononi. Ya nne haitafanya kitu, kwa kuwa joto limeharibu kimeng'enya cha kiazi, yaani protini inayoharakisha mmenyuko ndani ya kiumbe hai, na kimeng'enya ndicho kilichokuwa kichocheo.

Sasa hesabu. "Vol 10" maana yake kila mililita ya dawa ina uwezo wa kutoa mililita 10 za oksijeni. Mililita 20 zitatoa takriban mililita 200, basi. Ukitia kiazi kimoja au ukitia gunia, hutapata oksijeni zaidi ya hiyo, wala joto zaidi ya lile lililokuwa limefungwa ndani ya peroksaidi. Kinachobadilika ni muda. Shika jambo hili, maana kila dai la ajabu kuhusu vichocheo huvunjikia hapa.

Kizingiti

Kwa nini mmenyuko ambao ungependa kutokea usitokee wenyewe? Gunia la mkaa hukaa stoo mwaka mzima huku oksijeni imelizunguka pande zote, na haliungui. Nishati imo, lakini kuna kizingiti: kabla mkaa na oksijeni hazijaungana, vifungo vya zamani kati ya atomi inabidi vilegezwe kwanza, na kuvilegeza kunagharimu. Moto wa kibiriti hulipa gharama hiyo ya mwanzo. Ukishavuka, joto linalotoka linawavusha wanaofuata.

Kibiriti huwasukuma wasafiri kwa nguvu mpaka wavuke kizingiti kirefu. Kichocheo huwapa mlango mwingine wenye kizingiti kifupi. Sakafu ya ndani na ya nje zinabaki pale pale zilipokuwa. Na kwa sababu mlango ni ule ule kwa anayeingia na anayetoka, kichocheo huharakisha mmenyuko kwenda mbele na kurudi nyuma vilevile. Jambo hili la pili husahaulika hata na waliosoma kemia shuleni, na bila hilo hutaelewa kwa nini kiwanda cha mbolea ni dubwana linalofanya kazi kwa presha kubwa.

Kwa nini uso

Vichocheo vingi vya viwandani ni yabisi, na vinavyomenyuka ni gesi au kimiminika. Hivyo vinakutana mahali pamoja tu: juu ya uso. Atomi iliyozikwa ndani ya donge la metali haifanyi kazi yoyote ya uchocheo. Mpishi anajua jambo hili bila kuambiwa. Hakuna anayepata tui kwa kuloweka nazi nzima. Nazi inakunwa kwanza, ili maji yaguse nyuso nyingi.

Mchemraba wa metali wenye ubavu wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukiukata vijichemraba vya milimita 1, uso unakuwa sentimita za mraba 60. Ukiendelea mpaka vijichemraba vya nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, metali ile ile ina uso wa mita za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa mpira. Ndiyo sababu gramu chache za platini zinatosha gari zima.

Uufikirie uso huo kama baraza yenye nafasi za kukalia. Molekuli ya gesi inakuja, inakaa, vifungo vyake vinalegea kwa sababu sasa imeshikwa na metali, inakutana na jirani yake, wanaungana kuwa kitu kipya, kisha kitu hicho kinaondoka na nafasi inabaki wazi. Kila hatua ina masharti. Mgeni asiposhikwa kabisa, atapita bila kuketi. Akishikwa kwa nguvu mno, hatainuka, na baraza litajaa watu wasioondoka. Metali nzuri hushika kwa kiasi. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye ambaye kanuni hii inaitwa kwa jina lake, na mpaka leo ndiyo dira ya kwanza ya anayetafuta kichocheo kipya.

Gerhard Ertl na swali la amonia

Kusema "molekuli inakaa juu ya uso" ni rahisi. Kuthibitisha ilichukua miongo mingi, na mtu aliyeifanya kazi hiyo kuwa sayansi ya vipimo ni Mjerumani Gerhard Ertl, aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1936. Aliongoza idara ya kemia ya fizikia katika Taasisi ya Fritz Haber mjini Berlin kuanzia 1986 hadi 2004, na tarehe 10 Oktoba 2007, siku alipotimiza miaka 71, ikatangazwa kwamba amepata Tuzo ya Nobel ya Kemia, peke yake.

Suala lake kubwa lilikuwa amonia, malighafi ya mbolea za nitrojeni kama urea na CAN. Hewa tunayovuta ina nitrojeni asilimia 78, lakini atomi mbili za molekuli ya nitrojeni zimefungana kwa vifungo vitatu, na kuzitenganisha kunahitaji kilojuli 945 kwa moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli), kiasi kikubwa mno. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba nitrojeni na hidrojeni zinaweza kuunganishwa kuwa amonia kwa presha kubwa mbele ya kichocheo cha osmi, metali adimu sana. Carl Bosch wa kampuni ya BASF akaligeuza jaribio hilo kuwa kiwanda, kilichoanza kazi Oppau mwaka 1913. Katikati yao alikuwepo Alwin Mittasch, ambaye kikundi chake kilijaribu maelfu ya michanganyiko mpaka kikapata chuma cha kawaida kilichotokana na madini ya Sweden, kikatiwa oksidi ya alumini na potasiamu kidogo. Mapishi hayo, kwa marekebisho madogo, bado yanatumika.

Lakini kuna mvutano ambao kichocheo hakiwezi kuuondoa. Nitrojeni na hidrojeni zikiungana zinatoa joto. Kwa hiyo ukizipasha joto sana, amonia inavunjika kurudi ilikotoka. Ukizipoza, uso wa chuma unazembea. Viwanda hukaa katikati, nyuzijoto 400 hadi 500, na hulipia kwa presha ya mara 100 hadi zaidi ya 200 ya hewa ya kawaida, kwa kuwa presha husukuma molekuli nne za gesi zijibane kuwa mbili. Hata hivyo, kila gesi inapopita juu ya chuma ni takriban asilimia 15 tu inayogeuka amonia. Amonia hupozwa ikawa kimiminika na kutolewa, gesi iliyobaki hurudishwa mwanzo, tena na tena. Kichocheo kingekuwa chanzo cha nishati, mitambo yote hiyo ya kubana na kuzungusha isingekuwa na haja.

Zaidi ya miaka 60 baada ya Oppau, hakuna aliyekuwa na uhakika wa kinachotokea juu ya chuma kile. Je, nitrojeni hupasuka kwanza kuwa atomi mbili, ndipo hidrojeni ije? Au hidrojeni huishambulia molekuli ikiwa nzima? Ertl aliamua kuangalia uso wenyewe, na hapo alikutana na adui wa kwanza: uchafu. Katika hewa ya kawaida, uso wa metali uliosafishwa hufunikwa na molekuli ndani ya takriban sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hakuna anayeweza kupima kitu kwa muda huo. Suluhisho ni ombwe kali, yaani chumba kilichoondolewa karibu hewa yote. Presha ikishushwa hadi sehemu moja ya milioni ya tori (kipimo cha presha), safu moja ya molekuli hujaa kwa sekunde moja hivi. Ikishushwa mara elfu kumi zaidi ya hapo, mtafiti anapata karibu saa tatu kabla uso haujajaa. Matanki ya chuma cha pua ambayo lazima yaokwe kwa saa nyingi ili maji yaliyoganda kwenye kuta yatoke, pampu zinazofuatana, na ufa wa unene wa unywele unaoharibu wiki nzima ya kazi: hiyo ndiyo sura ya kila siku ya sayansi hii.

Kisha kuna suala la kukata. Fundi seremala anajua mbao iliyopasuliwa kufuata nyuzi haina uso sawa na iliyokatwa kukatisha nyuzi. Fuwele ya chuma nayo ina nyuso tofauti kulingana na mkato. Ertl na wenzake walionyesha kwamba uso mmoja wa chuma, ule ambao atomi zake zimekaa kwa uwazi na mabonde, hupasua nitrojeni vizuri kuliko ule uliobanana. Hata katika uso mzuri, molekuli nyingi mno za nitrojeni hugonga na kuruka bila kupasuka. Inayofanikiwa ni moja kati ya milioni au chini ya hapo. Hatua hiyo ndiyo inayochelewesha safari nzima. Yanayofuata, atomi ya nitrojeni kupokea hidrojeni moja, ya pili, ya tatu, kisha amonia kuinuka, ni mepesi ukilinganisha.

Ushahidi waliotumia una uzuri wake. Walipima kiasi cha atomi za nitrojeni zilizobaki juu ya chuma baada ya mmenyuko, wakaongeza hidrojeni na kupima tena. Kadiri hidrojeni ilivyoongezeka, ndivyo atomi za nitrojeni zilivyopungua. Maana yake ni kwamba hidrojeni ilikuwa inazichukua atomi zile. Nitrojeni ilikuwa imeshapasuka kabla. Wakaonyesha pia kazi ya potasiamu ambayo Mittasch aliikuta kwa kujaribu tu: inaukopesha uso elektroni, molekuli ya nitrojeni inashikwa kwa nguvu zaidi, na kizingiti cha kupasuka kinashuka.

Baadhi ya watu walitilia shaka kwamba vipimo vya ombwe vinaweza kueleza kiwanda chenye presha ya kutisha. Mwaka 1985 Per Stoltze na Jens Nørskov wa Denmark walichukua vipimo hivyo vya uso, wakavitia kwenye hesabu, na kupata kasi ya uzalishaji iliyokaribiana na ya mtambo halisi. Kwa maoni yangu hilo ni kati ya mafanikio makubwa ya kemia ya karne iliyopita, ingawa hutajwa mara chache nje ya fani.

Masega ya gari

Ertl alichunguza pia kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu ya moshi wa injini, juu ya platini, na kazi hiyo inamhusu kila mwenye gari la petroli. Chini ya gari, kwenye bomba la ekzosi, kuna kopo la chuma lenye tofali la kauri lililotobolewa vijia vyembamba sana, mithili ya sega la nyuki. Takriban vijia 60 kwa kila sentimita ya mraba. Kuta za vijia zimepakwa oksidi ya alumini yenye vinyweleo, na juu yake zimetapakaa chembe ndogondogo za platini, paladi na rodi. Humo kaboni monoksaidi inageuzwa kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa, na oksidi za nitrojeni zinarudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida.

Juu ya platini, molekuli ya oksijeni inahitaji nafasi mbili zinazokaribiana ili ipasuke. Kaboni monoksaidi inahitaji moja, na inashika kwa nguvu. Platini ikiwa baridi, kaboni monoksaidi hujaza baraza lote na oksijeni hukosa pa kukaa. Mmenyuko unasimama ingawa wote wapo. Ikifika nyuzijoto 250 hadi 300, kaboni monoksaidi huanza kuinuka, nafasi hufunguka, oksijeni inaingia na kupasuka, na kaboni dayoksaidi inayotengenezwa huondoka papo hapo. Ndiyo sababu moshi wa injini iliyowashwa asubuhi unanuka na kuumiza macho kuliko wa injini iliyotembea, na ndiyo sababu magari mapya yamewekewa masega karibu kabisa na injini. Kuwasha gari ndani ya banda lililofungwa ni hatari ya kifo hata kama masega ni mapya.

Masega hufa kwa njia zinazojulikana. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilikuwa ikiyafunika na kuyazima kabisa. Kusini mwa Sahara petroli hiyo iliondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha 2021. Salfa nayo hushika nafasi za baraza, ingawa joto kali huweza kuitoa. Injini inayokula oili hupaka fosforasi na majivu juu ya chembe. Kifo cha kasi zaidi ni plagi au koili mbovu: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuungulia humo, joto linapanda, chembe ndogo za platini zinaungana kuwa chembe kubwa zenye uso mdogo, na likizidi, kauri yenyewe inayeyuka na kuziba. Chembe zilizokwisha kuungana hazirudi kwa kuoshwa na sabuni, wala kwa dawa ya kutia kwenye tenki. Unaweza kuondoa masizi. Huwezi kuukuna upya uso wa platini.

Kwa hiyo taa ya cheki injini ikiwaka kwa msimbo P0420, unaosema masega yamedhoofika, usikimbilie kununua masega. Anza na plagi na koili, kisha uvujaji kwenye ekzosi, kisha sensa za oksijeni za mbele na nyuma. Kama gari halivuti, fundi afungue sensa ya mbele afunge geji ya presha hapo: kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, ikizidi psi 3 kuna kuziba. Masega mazima hayali mafuta na hayana dhahabu wala almasi, kinyume na mazungumzo ya vijiweni. Yaliyoziba ndiyo yanayokula. Kuyatoa na kuacha kopo tupu hakuongezi nguvu inayohisika kwenye gari la kawaida. Kinachopatikana kwa uhakika ni kaboni monoksaidi na oksidi za nitrojeni zikienda moja kwa moja kwa watembea kwa miguu na abiria wanaosubiri kituoni.

Maji, hidrojeni na lile gari

Magari ya hidrojeni yapo kweli. Toyota Mirai imekuwa ikiuzwa Japani tangu 2014. Tenki lake hujazwa hidrojeni iliyobanwa kwa presha ya bar 700. Ndani ya seli zake hidrojeni hukutana na oksijeni ya hewa juu ya platini, umeme unazalishwa na maji yanatoka kwenye bomba. Maji ni yale yanayotoka. Nadhani mkanganyiko mwingi umezaliwa hapa: mtu kaona maji chini ya gari akadhani ndiyo mafuta yake. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuyaita mafuta ni sawa na kununua majivu ukapikie.

Unaweza kuyarudisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa kupitisha umeme. Kwenye joto la kawaida mmenyuko huo unadai angalau volti 1.23 kwa kila seli. Mitambo halisi hutumia volti 1.8 hadi 2, na ile ziada inapotea kuwa joto kwa sababu nyuso za elektrodi, yaani metali zinazopeleka umeme ndani ya maji, zinachelewesha. Kazi ya kichocheo ni kupunguza ziada. Upande wa hidrojeni, platini inashika kwa kiasi kinachofaa. Dhahabu inashika kwa ulegevu, tangsteni inang'ang'ania. Upande wa oksijeni kazi ni ngumu zaidi, na mitambo yenye utando wa plastiki hutumia iridi, ambayo dunia nzima huchimba tani 7 au 8 hivi kwa mwaka. Mitambo ya zamani ya magadi makali hutumia nikeli, iliyo rahisi kupatikana. Watafiti wa leo wanahangaika na ziada hiyo, na kila sehemu ya kumi ya volti inayookolewa ni pesa nyingi. Ile 1.23 yenyewe haiguswi na kichocheo chochote, kama vile kiazi kisivyoongeza mililita 200 za oksijeni.

Kwa vipimo vya nyumbani: kilo moja ya hidrojeni hula takriban yuniti 50 hadi 55 za umeme na angalau lita 9 za maji. Paneli ya jua ya wati 400, ikipata saa tano za jua kali, inatoa yuniti 2 kwa siku. Itahitaji siku 26 hivi kwa kilo moja. Ukiitumia kilo hiyo kwenye seli za gari unarudishiwa yuniti 17 au 18. Na maji yawe yamesafishwa chumvi zote, kwani kalisi na chuma vya maji ya bomba huziba utando, na kloridi hula elektrodi.

Sasa rudi kwenye ile chupa chini ya boneti. Umeme wake unatoka kwenye alteneta, na alteneta inazungushwa na injini ile ile. Tuseme injini imetoa sehemu 100 za nguvu kuizungusha. Alteneta inageuza kama 60 kuwa umeme. Chupa inageuza kama 39 kuwa hidrojeni. Injini ya petroli ikiiunguza hidrojeni hiyo inarudisha kama 10. Umetoa mia kupata kumi. Muuzaji anaweza kubadilisha rangi ya chupa, idadi ya sahani au jina la unga anaotia ndani. 100 haitazidiwa na kinachorudi. Tena chupa hizo zina gesi ya hidrojeni na oksijeni zilizochanganyika tayari kulipuka, karibu na injini ya moto.

Hidrojeni ya kijani ni jambo halali kwa sababu inataja chanzo chake waziwazi: umeme wa jua, upepo, maji au mvuke wa ardhini. Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani Septemba 2023, na mbolea ni kati ya matumizi yaliyowekwa mbele. Sababu inaeleweka. Leo hidrojeni nyingi ya viwanda vya amonia duniani hutokana na gesi asilia, ikipitishwa na mvuke juu ya nikeli kwenye nyuzijoto 800 na zaidi, hivyo gesi ikipanda bei, mfuko wa urea nao hupanda.

Kiwanda cha aina hiyo mpya hakitupi chuma cha Mittasch. Kinabadilisha tu mahali hidrojeni inapotoka, na hapo panazuka ugumu ambao Ertl angeutambua mara moja. Hidrojeni inayotoka kwenye maji hubeba chembechembe za oksijeni na mvuke, na vyote viwili vinakaa kwenye nafasi za chuma na kuzuia nitrojeni isipasuke. Kwa hiyo kabla haijafika kwenye chuma, hidrojeni hupitishwa kwanza juu ya paladi au platini, ambako oksijeni iliyobaki inaunganishwa na hidrojeni kidogo kuwa maji. Kisha maji hayo hunyonywa kwenye minara yenye chembe za kukaushia, ndipo gesi iingie.